Kabla hujanunua ile paini fupi ya milimani

Nikiulizwa na Waswahili wenzangu wa huku Ujerumani wapande nini kwenye kibustani kisiwasumbue, huwa nawatajia paini fupi ya milimani, ile wenyeji wanayoiita Latschenkiefer. Usiifikirie kama paini za msitu wa Sao Hill kule Tanzania, ambazo asili yake ni Mexico na zinazopanda juu moja kwa moja. Hii asili yake ni milima ya hapa Ulaya, Alpi na Karpati, na haina shina moja. Hutoa mashina mengi kutoka chini, yakatambaa kwanza ndipo yakainuka. Kule juu, karibu na pale miti mirefu inapokomea, theluji huilaza majira yote ya baridi, ikiyeyuka inanyanyuka tena. Baridi ya uani kwako haiwezi kuitisha.

Dukani soma kibandiko. Pale zote zinakufika magotini, lakini hazikui sawa. Aina iitwayo Mops hubaki kibonge, na mita moja inaweza kuichukua miaka mingi. Ile iitwayo Pumilio inaweza kutanuka hata mita mbili au tatu, na zilizooteshwa kwa mbegu hazitabiriki. Muuzaji akikwambia "hii haikui kabisa", mwachie mwenyewe.

Kazi yenyewe iko kwenye kupunguza. Mwezi wa tano kila ncha hutoa chipukizi lililosimama wima kama mshumaa, kijani hafifu, sindano, yaani majani yake membamba, bado zimelala zimebanana. Lisubiri lirefuke, ila usingoje sindano zifunguke. Lishike kwa vidole ulivunje nusu. Likiwa changa linakatika bila kuvutana nalo. Mkasi mimi siupendi hapa, maana hukata na sindano, nazo zikishakatwa ncha hugeuka kahawia, kichaka kikaonekana kimeungua. Chini ya pale ulipovunja patatoka macho ya mwaka ujao, na mti utajaa vizuri. Lakini tawi la zamani lisilo na sindano usilikate ukidhani litachipua. Mwarobaini ungechipua, paini haichipui.

Vidole vitanata utomvu, na sabuni peke yake haitoshi: paka kwanza mafuta ya kupikia, ndipo unawe. Harufu utakayobaki nayo ni ileile ya dawa za kuchua misuli zinazouzwa huku.

Mengine ni madogo. Ipe jua, na udongo usiotuamisha maji. Yangu haijawahi kuona mbolea. Ikiwa iko kwenye chungu, majira ya baridi iogopee kiu kuliko barafu: udongo ukiganda jua likawaka, sindano hupoteza maji na mizizi haina pa kuyapata. Siku ambayo hakugandi, mwagilia kidogo.

Vuli ikifika utaona sindano za ndani zinageuka njano na kudondoka. Hizo ni za zamani, ziache. Zikigeuka zile za mwaka huu, kule nchani, hapo fukua uitazame mizizi. Mara nyingi utaikuta imelowa chapachapa.