Kipeuo kile kiacheni pale pale

Wadogo zangu, nimesahihisha mazoezi yenu na wanne mmefuta kipeuo cha pili kwenye fomula ya manufaa, ile inayopima mtu anakithamini kitu kiasi gani. Jamani! Kosa hilo nimelifanya, nami nataka liishie kwangu.

1. Upendeleo usizunguke. Mtu akipenda mgebuka kuliko dagaa, na dagaa kuliko kuhe, kisha akasema kuhe kuliko mgebuka, muulize tena kwa upole. Mara nyingi swali lako ndilo bovu.

2. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa mwaloni Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, nikiwahoji akina mama wa dagaa. Mmoja alikuwa na beseni lake, wingu limetanda ziwani. Akiuza wabichi, elfu 40. Akianika na jua likiwaka, elfu 90; wakinyeshewa, hapati kitu. "Mwanangu, mvua hii hamsini kwa hamsini," akasema, akawauza.

Fomula yangu ilikuwa kipeuo cha pili cha shilingi. Cha 40,000 ni 200. Cha 90,000 ni 300, nusu yake 150. Auze. Fomula ilimwelewa kabisa! Lakini vipeuo vilinichosha, nikakumbuka somo la darasani: geuza fomula utakavyo, mradi mpangilio wa kipi kinapendwa kuliko kipi ubaki ule ule. Nikaipiga kipeo cha pili, zikabaki shilingi tupu. Nusu ya 90,000 ni 45,000, inazidi 40,000. Aanike! Nikaandika kwenye ripoti kwamba akina mama wale hawajui hesabu, wapewe mafunzo. Mama aliyesomesha watoto kwa beseni lile. Mpaka leo nikiikumbuka ile aya naona haya.

Somo lile ni la chaguo lisilo na bahati nasibu. Mvua ikishaingia, mko kwa von Neumann na Morgenstern, wenye nadharia ya kuchagua penye bahati nasibu, 1944: fomula unaruhusiwa kuizidisha kwa namba chanya na kuijumlishia namba isiyobadilika, basi. Mpindo wa fomula ndio unaobeba hofu ya mama ya kurudi nyumbani mikono mitupu. Ukiunyoosha, umemfuta yeye.

3. Usijumlishe manufaa ya mama huyu na ya jirani yake; kila mmoja ana kipimo chake.

4. Anayekwenda kinyume na fomula msimsahihishe kabla hamjamsoma Allais wa 1953, mchumi aliyeonyesha kwamba hata watu makini huchagua kinyume nayo. Mimi nilirudi Kibirizi mwezi wa saba kuomba radhi, nikamkuta mama anaanika. Nikamuuliza mbona leo hauzi wabichi. Akanyoosha kidole juu, mbingu nyeupe. Nikakokotoa pale pale mchangani: jua mara tisa kwa kumi, 270 dhidi ya 200.