Jibu: Meseji ya pesa "zilizotumwa kimakosa" dukani

Waalaikum salaam ndugu. Kwa hiyo duka lako hapo Langoni, Lamu, limepokea meseji ya M-Pesa kwamba umeingiziwa shilingi 3,500, kisha mtu akapiga analia kuwa alizituma kimakosa, umrudishie. Usitume hata shilingi. Itazame meseji kwanza: ya kweli hutoka kwa jina MPESA, si namba ya mtu. Kisha tazama salio lililoandikwa. Kijana wangu wa dukani aliletewa meseji ya bandia yenye salio la elfu arobaini, na sisi hata elfu mbili hatuna! Piga *334# uhakikishe. Zikiwa zimeingia kweli, mwambie apeleke meseji yake 456, Safaricom wazirudishe wenyewe. Ukimtumia wewe, naye akaomba Safaricom wamrudishie, umelipa mara mbili. Ikiwa ni bandia, ipeleke 333.