Forbes Field na PNC Park ni sehemu mbili tofauti

Wapo wanaouliza kama PNC Park, uwanja wa sasa wa Pirates, timu ya besiboli ya Pittsburgh, Marekani, ilijengwa ilipokuwa Forbes Field, uwanja wao wa zamani. Hapana, haikujengwa hapo. Forbes Field (1909–1970) ilikuwa katika mtaa wa Oakland, ndani kabisa ya Pittsburgh. PNC Park ya mwaka 2001 iko ng'ambo ya mto Allegheny, jirani na palipokuwa Three Rivers Stadium, uwanja wao baada ya Forbes Field, na hata Exposition Park, walikochezea kabla ya 1909. Yaani Pirates walirudi ukingoni kwao.

Mimi nimefika Oakland. Kipande cha ukuta wa matofali bado kimesimama, na ndani ya Posvar Hall, jengo la chuo kikuu, kile kibao cheupe ambacho mpigaji husimama kando yake kimefunikwa kwa kioo sakafuni. Wanafunzi wanakikanyaga wakiwahi darasani. Kila tarehe 13 Oktoba mashabiki hukusanyika ukutani kusikiliza tena matangazo ya mechi ya mwisho ya fainali za ubingwa wa 1960, siku Bill Mazeroski wa Pirates alipoupiga mpira ukavuka ukuta, Yankees wa New York wakalala 10–9. Inagusa moyo sana.

Ila kuhusu kibao, wapo wanaosema kimewekwa hatua kadhaa kutoka mahali pake halisi.