Hesabu difu kabla ya kulipa: kwa fundi anayeanza na Land Rover za zamani

Inua gurudumu moja la nyuma, la pili libaki chini. Weka gia fri. Chora alama ya chaki kwenye tairi lililo juu, na nyingine kwenye flenji ya propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, yaani gia zilizo ndani ya ekseli. Zungusha tairi mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu propela. Ikizunguka mara nne na zaidi ya nusu, difu hiyo ni ya 4.7, yaani propela huzunguka mara 4.7 magurudumu yote mawili yakizunguka mara moja. Ikizunguka mara tatu na nusu, ni ya 3.54. Ni kazi ya dakika tano isiyo na gharama, na natamani ningefundishwa siku ya kwanza nilipoingia gereji pale Ngamiani, Tanga.

Lakini kwanza zuia magurudumu yaliyobaki kwa mawe au magogo, mbele na nyuma. Handibreki ya Land Rover hizi haishiki magurudumu, inashika propela. Ukishainua gurudumu moja la nyuma, difu inaliacha lizunguke, na gari linaweza kutembea juu ya jeki hata kama handibreki imevutwa hadi mwisho. Nimeona jeki ikilala kwa sababu hiyo. Hapakuwa na mtu chini, namshukuru Mungu.

Nazungumzia Series III, zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Mwenye gari anakuja na kilio kile kile: akishika barabara ya Segera injini inalia na malori yanampita. Ameshasikia kwamba difu ya Range Rover za mwanzo, ile ya 3.54, inaingia bila kuchonga kitu. Ni kweli, mradi ekseli iwe ya Rover, ile ambayo difu yake inatoka mbele ikiwa nzima baada ya kufungua nati kumi. Gari refu la 109 (inchi 109 kati ya ekseli) mara nyingi lina Salisbury nyuma, ekseli nene yenye mfuniko kwa nyuma. Hiyo haina difu ya kuchomoa na kupachika. Itakudai shimu (vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi), vifaa vya kupimia na fundi aliyeizoea, na hapo neno rahisi linakufa. Mwambie mteja mapema.

Hesabu yenyewe ni hii. Tairi la 7.50-16 husogea kama mita 2.4 kwa mzunguko mmoja. Injini ikiwa mizunguko 3,000 kwa dakika, gia ya nne, difu ya 4.7 inakupa karibu kilomita 80 kwa saa. Ya 3.54 inakupa karibu 106. Hapo mteja anatabasamu. Sasa mpe na upande wa pili. Gia ya kwanza, transfa, ile giaboksi ndogo ya pili, ikiwa kwenye gia nzito, mizunguko 1,000: gari la 4.7 linatembea kilomita 3.5 kwa saa, la 3.54 linatembea 4.7. Kwenye karatasi tofauti ni ndogo. Ukiwa unashuka kutoka Amani baada ya mvua, udongo mwekundu umegeuka sabuni na huthubutu kugusa breki, tofauti hiyo ni kati ya gari linalokushikilia na gari linalokuburuta.

Kwa hiyo muulize mteja anabeba nini na analala wapi. Kama anapakia viazi na kabichi kutoka Mlalo, mwachie 4.7 yake. Injini ya petroli ya lita 2.25 haina nguvu za kuisukuma 3.54 mlimani na mzigo. Atakuwa anashuka gia ya tatu kwenye kila kilima, na mafuta anayodhani ataokoa yataishia hapo. Kama ameshafunga injini ya dizeli yenye turbo na safari zake ni za Chalinze na Dar, 3.54 ni haki yake. Aliye katikati mpe dawa ya bei nafuu kuliko zote: tairi. Gari fupi lenye 6.00-16 likivaa 7.50-16 linapata karibu asilimia 10 ya mwendo bila kufungua difu kabisa.

Kosa langu kubwa nalieleza ili usilirudie. Gari lilikuwa langu. Nilipata difu moja tu ya 3.54, pesa ya pili haikuwepo, nikaifunga nyuma na mbele nikaacha 4.7. Nikajiambia sitaingiza magurudumu ya mbele mpaka nipate ya pili. Wiki tatu sikupata tatizo lolote. Kisha mvua ikanikuta nikipanda kutoka Muheza, gari likaanza kuteleza kuelekea mtaroni, na mkono ukaenda wenyewe kwenye ile nobu ya njano inayoingiza magurudumu ya mbele. Piga hesabu: propela zote mbili zinazunguka sawa, lakini magurudumu ya nyuma yanataka kwenda mita nne wakati ya mbele yanataka mita tatu. Gari liliruka ruka kama linapiga kwikwi, kisha mlio mmoja mkavu, na nyuma kukawa kimya. Shafti ya gurudumu ilikuwa imekatika. Niliitoa nikiwa magotini kwenye tope, nikarudi Muheza nikivutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Tangu siku hiyo difu ya kwanza nikiinunua inakaa kwenye shelfu, imepakwa oili na kufunikwa, hadi mwenzake apatikane.

Ukienda kununua, usisikilize jina. Niliwahi kuuziwa "ya Range Rover" ambayo nilipoihesabu nyumbani ilikuwa 4.7 kama niliyokuwa nayo. Difu ikiwa mezani ni rahisi zaidi: zungusha krauni, ile gia kubwa ya duara, mara moja, hesabu flenji. Chungulia meno ya ndani ambamo shafti inaingia: shafti zako zinataka 10, za miaka ya baadaye zina 24 na haziingiliani. Linganisha matundu ya flenji na ya propela yako, kwa sababu Discovery za kwanza zina kiungo cha raba nyuma badala ya krosi ya chuma. Pitisha kidole kwenye kila jino la krauni. Likiwa na ukingo mkali au vishimo, rudisha. Na usikubali krauni ya difu moja na pinioni (gia ndogo inayoizungusha) ya nyingine, hata kwa bure. Zilisagwa pamoja kiwandani na zitalia hadi ziishe.

Kufunga kwenyewe si kugumu. Nyuma unavuta shafti nje kidogo kila upande. Mbele kuna kazi zaidi, lazima usogeze nyumba za swiveli, zile zinazogeuza magurudumu. Hapa pwani chumvi inakula nati, basi zimwagie dizeli jana yake. Gasketi usinunue: weka karatasi ya gasketi juu ya mdomo wa ekseli, gonga kingo taratibu kwa nyundo ya kichwa cha mviringo, karatasi itajikata yenyewe kwa umbo kamili. Pesa uliyookoa nunua sili mpya. Zibua na kile kipumuo kidogo juu ya ekseli. Kikiziba, ekseli ya moto ikiingia maji ya mto Zigi inapoa ghafla na kuvuta maji kupitia kwenye sili, nawe utalaumiwa kwa oili iliyogeuka maziwa.

Oili ni EP90, lita 1.75 kwa kila ekseli ya Rover. Nenda Pongwe na kurudi, kisha shika nyumba ya difu kwa kiganja. Joto la kuvumilika ni sawa. Kama huwezi kuacha mkono, beringi zimebana, fungua tena.

Jambo la mwisho kabla ya kukabidhi funguo ni saa ya mwendo. Inaendeshwa kutoka transfa, haijui kwamba umebadilisha difu. Ikisoma 50 penye makazi ya watu, gari linakwenda 66. Bandika karatasi kwenye dashibodi yenye namba mpya, na upake kwa rangi nyeupe juu ya kila ekseli: 3.54. Fundi atakayelifungua baada yako asianze kubahatisha.