Maswali Yenu: Mgonjwa wa Nyumbani na Msiba

Baba ana saratani, tuko naye nyumbani. Amepewa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, lakini baba mdogo anasema ndiyo inayomaliza wagonjwa. (Binti, Kongwa)

Mpeni, kwa kipimo kilichoandikwa. Baba mdogo ameona watu wakianzishiwa mofini dakika za mwisho, kesho yake msiba, akaunganisha. Anayeua ni saratani. Dawa hiyo hudumu saa nne hivi, kwa hiyo hutolewa kwa saa, si mpaka mzee aanze kulia. Usingizi wa siku za kwanza hupungua; kufunga choo hakupungui, na kama hamkupewa dawa ya kulainisha choo, rudini muiombe. Akilala hata haamshiki, msimpe tena, pigeni simu hospitali. Baba mdogo mwiteni avute dozi kwa bomba la sindano yeye mwenyewe, kisha akae saa nzima na kaka yake.

Mama yuko siku za mwisho, hataki kula tena. Dada anamlazimisha uji, anapaliwa. (Bahi)

Muacheni. Mwili unaoaga hauna kazi na uji. Lowesheni midomo kwa kitambaa safi, mpakeni mafuta, na kazi hiyo apewe dada.

Jirani amefiwa na mumewe. Matanga yameisha, nimwambie nini? (Area C)

Maneno ameshayasikia, na "kazi ya Mungu haina makosa" imemtosha. Wajane wanaoniandikia hulalamikia jambo moja: turubai likishushwa, na watu wametoweka. "Ukiwa na shida niambie" haisaidii, hatakuambia. Nenda siku ya maji umjazie ndoo. Fuatana naye RITA, ofisi inayosajili vifo, kwenye cheti cha kifo, na mahakama ya mwanzo kwenye mirathi, maana huko huambiwa arudi na muhtasari wa kikao cha ukoo, na ukoo wenyewe ndio huo umeshaanza kuuliza shamba. Na mtaje marehemu kwa jina, wengi wanamkwepa.

Nimesoma huzuni ina hatua tano. Miezi minane, bado nina hasira. Nimekwama?

Hujakwama. Hatua hizo ziliandikwa mwaka 1969 na daktari Elisabeth Kübler-Ross, aliyezungumza na wagonjwa waliokaribia kufa, si wafiwa. Hazina ratiba. Ila kama hulali, huli, au unawaza kujiua, nenda hospitali leo hii. Mirembe, hospitali ya afya ya akili, ipo hapa hapa Dodoma, na wanaokwenda pale si "vichaa" kama mtaa unavyopenda kusema.