Siagi ya karanga: pima karanga kabla hujasaga

Kwa wasindikaji wadogo wa siagi ya karanga kuna mtindo uliozoeleka: linachaguliwa kopo moja zuri lenye lebo mpya, linapelekwa maabara, majibu yanarudi safi, na cheti kile kinatumika mwaka mzima kuuzia karanga za magunia mengine kabisa. Cheti cha namna hiyo kinalisemea kopo lile tu. Kama hela yako inatosha kipimo kimoja, kifanye kwenye karanga mbichi kabla mashine haijawashwa, na ukirudie kwa kila mzigo unaonunua.

Kinachotafutwa hapo ni sumukuvu (aflatoksini), sumu inayotengenezwa na kuvu. Haina ladha wala harufu, na joto la kukaangia haliimalizi. Kiwango cha Afrika Mashariki ni jumla ya aina zake zote isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ile aina ya B1 isizidi 5. Ugumu ni kwamba sumu haisambai sawasawa kwenye gunia. Punje moja iliyoharibika vibaya imewahi kukutwa na sumu ya kiwango cha mikrogramu milioni moja kwa kilo. Punje ya nusu gramu yenye kiwango hicho imebeba mikrogramu 500, na zikigawanywa kwenye gunia la kilo 50 unapata 10 kwa kilo. Yaani punje moja kati ya kama laki moja inatosha kulifikisha gunia zima kwenye ukomo. Ndiyo maana kiganja kimoja kilichochotwa juu ya gunia hakikuambii kitu.

Chukua sampuli kwa bambo (chuma chenye uwazi cha kuchomea gunia), kila gunia bila kuruka, sehemu ya juu, katikati, chini na pembeni. Magunia 10, nusu kilo kila moja, yanakupa kilo 5. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanachota robo kilo kutoka kwenye hizo kilo 5 na kuipeleka maabara, na ile punje mbaya inabaki kwenye ndoo. Zisage zote kwanza, ziwe chenga ndogo ndogo, lakini acha kabla hazijatoa mafuta na kushikana. Kisha changanya vizuri juu ya turubai safi, gawa mafungu manne, ondoa mawili yanayotazamana, changanya yaliyobaki, rudia mpaka ibaki kama kilo moja na robo. Nusu iende maabara, nusu ifunge, iandike namba ya mzigo na uihifadhi. Mashine iliyosaga sampuli isafishwe kabla ya sampuli nyingine, la sivyo mzigo mbaya utauchafulia majibu mzigo mzuri.

Vipo vipande vya kupimia haraka, vya kukataa mzigo pale pale kwenye ghala la muuzaji. Sampuli iliyosagwa inatikiswa kwenye kimiminika cha kutolea sumu, inachujwa, kipande kinachovywa. Nunua vilivyothibitishwa kwa karanga, siyo vya mahindi, na utikise kwa muda wote ulioandikwa kwenye maelekezo. Ukikatisha, sumu haitoki yote kwenye karanga, na kipande kitakuambia mzigo ni salama wakati siyo.

Unyevu nao upimwe, kwa kipimo chenyewe. Ile njia ya chumvi kavu ndani ya chupa inafaa kwa mahindi: chumvi huganda kwenye kioo unyevu ukipita kama asilimia 15. Karanga zilizomenywa zinatakiwa ziwe chini ya asilimia 8, kwa hiyo chumvi inaweza kubaki kavu kabisa na karanga zako zikawa bado zinaota kuvu.

Mzigo ukipita, kuchambua kuko pale pale. Kaanga, toa ganda jekundu, kisha tandaza kwenye meza nyeupe yenye mwanga wa kutosha. Ganda likiwepo linaficha madoa. Toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu na zilizochipua. Zilizotolewa zisiuzwe kwa bei ya kutupa wala zisipelekwe kwa mfugaji: ng'ombe akila sumukuvu, sehemu yake inatokea kwenye maziwa.

Baada ya kukaanga, adui hubadilika. Salmonella, bakteria anayeharisha watu, hawezi kuongezeka ndani ya siagi ya karanga kwa sababu maji ni kidogo mno, lakini anaweza kuishi humo kwa miezi. Marekani, mwaka 2008 hadi 2009, bidhaa za Peanut Corporation of America zilihusishwa na wagonjwa 714 na vifo 9. Mwaka 2015 mkuu wa kampuni alihukumiwa kifungo cha miaka 28. Mizigo mingine ilikuwa imepelekwa kwa wateja kabla majibu ya maabara hayajatoka. Kwa hiyo mzigo unaosubiri majibu ukae chumba kilichofungwa, hata kama mwenye supamaketi anapiga simu kila saa. Na beleshi la upande wa karanga mbichi lisivuke kwenda upande wa zilizokaangwa.

Kopo lenyewe halina mambo mengi. Pima makopo 10 ya kila toleo, yaani makopo yaliyojazwa kwa mkupuo mmoja, kwenye mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, toa uzito wa kopo tupu. Wastani usipungue gramu zilizoandikwa. Kwa kopo la gramu 400, lolote lililo chini ya 388 lirudi kujazwa. Yapindue machache kwa saa 24 uone kama mfuniko unavujisha mafuta. Mafuta kupanda juu siyo ubovu, ila mteja akiona atarudisha, basi andika kwenye lebo "koroga kabla ya kutumia".

Na kila toleo libakishe makopo mawili kwako mpaka tarehe ya mwisho wa matumizi ipite, yakiwa na namba ile ile iliyo dukani na kwenye daftari la ununuzi wa karanga. Siku mteja akilalamika, utajua ni gunia la nani, na ni makopo yapi ya kuyafuata madukani.