Maswali ya Wasomaji: Paka Amelalia Mswada Wangu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwajiriwa, nina mume, watoto wawili, mama mkwe tunayeishi naye, mbwa mmoja, kuku sita, na paka ambaye hakualikwa na mtu bali alikuja tu akakaa. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika riwaya, na hadi leo nina kurasa 41. Nikiketi alfajiri, paka huja kulalia karatasi. Nikiketi jioni, watoto huleta madaftari yao. Nikiketi usiku, usingizi hunishinda. Juzi nilikuta kuku ametaga ndani ya kasha ninamohifadhi mswada, na nyumba nzima ikacheka isipokuwa mimi. Mume wangu ni mtu mwema, lakini watoto wakiniita husikika akiwaambia, "Mwacheni mama acheze na kalamu yake." Je, nisubiri watoto wakue ndipo niandike kwa utulivu? Na je, ni vibaya kumwandika mama mkwe wangu, ambaye kwa hakika anawashinda wahusika wote niliowahi kubuni?
Mama wa Wawili

JIBU: Mama wa Wawili, niruhusu nianze na kuku, maana katika barua yako yeye ndiye aliyetoa ushahidi mzito kuliko wote. Kuku anayetafuta mahali pa kutagia huchagua pembe yenye kiza kidogo, kavu na isiyopitwapitwa na watu. Ikiwa ameliridhia kasha lako, basi kasha hilo lilikuwa na siku kadhaa bila kuguswa. Sisemi hivyo kwa kukusimanga. Nasema kwa sababu umewalaumu paka, watoto na usingizi, ilhali ninavyoona mimi tatizo ni kwamba unasubiri saa nzima iliyo tupu, na katika nyumba yenye watu watano na wanyama wanane saa ya namna hiyo haipo.

Hebu tupige hesabu. Tukikadiria maneno 300 kwa ukurasa, kurasa zako 41 ni maneno 12,300. Mtu anayeandika maneno 250 kwa siku, yaani chini kidogo ya ukurasa mmoja, angeyamaliza kwa siku 50. Akiandika hivyo siku tano kwa juma, kwa majuma 50, atakuwa na maneno 62,500, ambayo ni riwaya kamili. Robo saa hadi nusu saa hutosha kwa kiasi hicho, mradi unapoketi uwe tayari unajua sentensi inayofuata. Kwa hiyo usifunge daftari mwishoni mwa tukio. Lifunge katikati, mhusika akiwa ameshika kitasa cha mlango. Kesho yake hutapoteza dakika kumi ukijiuliza uanzie wapi.

Bila shaka umewahi kusikia habari za Anthony Trollope, mwandishi wa Uingereza aliyefariki mwaka 1882, ambaye alikuwa mtumishi wa posta na aliandika kuanzia saa 11:30 alfajiri, saa yake ikiwa mbele yake mezani, akijilazimisha kuandika maneno 250 kwa kila robo saa. Watu humtaja sana wanapotaka kuwatia wenzao haya. Wasichokitaja ni kwamba alikuwa na mtumishi aliyelipwa nyongeza kwa kazi ya kumwamsha na kumletea kahawa. Mimi nakuelekeza zaidi kwa Toni Morrison wa Marekani, aliyekuwa mhariri katika shirika la uchapishaji, akilea wana wawili peke yake, na ambaye riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1970, akiwa na umri wa miaka 39. Aliandika kabla ya mapambazuko, kabla watoto hawajaanza kuita. Alisimulia pia kwamba mtoto aliwahi kucheua juu ya karatasi aliyokuwa akiiandikia, naye akaendelea kuandika kuzunguka lile doa, kwa kuwa doa lingefutika baadaye lakini sentensi ingeweza kumponyoka. Ukitaka kujua kama usubiri watoto wakue, jibu langu limo katika doa hilo.

Sasa paka. Paka ni mnyama ambaye damu yake huchemka zaidi alfajiri na magharibi. Hivyo unapoamka gizani ili uandike, wewe unadhani umeiba saa, kumbe umeingia katika saa yake. Zaidi ya hayo, mwili wake hustareheka kwenye joto la nyuzi 30 na zaidi, ambalo kwetu sisi ni la kutoa jasho, na ndiyo maana hupenda mapaja, kompyuta iliyowashwa na karatasi zilizo chini ya taa. Nami ninaye wangu. Kwa miezi mingi alikuwa akipita juu ya vibonye akiniachia mstari mzima wa herufi moja, kisha akageuka mara mbili na kujikunja juu ya ukurasa uleule niliokuwa nausahihisha, mkia ukiifunika aya iliyokuwa mbovu kuliko zote. Kilichosaidia hakikuwa kumfukuza. Niliacha kumlisha mara tu ninapoamka, nikawa namlisha baada ya kumaliza kuandika, na kando ya taa nikamwekea boksi fupi lenye kitambaa cha sufi. Majuma mawili ya kwanza alilalamika sana. Usimwonee huruma siku moja moja: mnyama anayepewa leo, akanyimwa kesho, kisha akapewa keshokutwa hujifunza kung'ang'ania kuliko yule anayepewa kila siku. Nahisi kwamba kanuni hiyo inawahusu pia watoto wanaogonga mlango, ila wao waelezwe kwa maneno, waonyeshwe mshale wa saa utakapofika, na ahadi itimizwe mshale unapofika hapo.

Kuhusu mume wako, sidhani kwamba anakudharau. Anakisema anachokiona, na anachokiona ni mtu anayeketi na kuinuka kila dakika tano. Mwombe jambo moja lenye mipaka, kwa mfano nusu saa kabla ya watoto kulala, ambapo yeye ndiye atakayeitwa, hata mbwa akikwaruza mlango. Ombi la "nipe muda wa kuandika" halina pa kushikwa.

Suala la mama mkwe ndilo zito. Kumwandika si vibaya, lakini usidhani kwamba kubadili jina kutamficha. Watu hawatambuliwi kwa majina, hutambuliwa kwa vitendo vidogo: anavyokohoa kabla ya kufunga mlango, anavyorudi mara ya pili kuhakikisha komeo, anavyomsema paka kwa maneno yanayokuhusu wewe. Ukivichukua vyote vitatu na kumvika mhusika mmoja, atajiona, na jirani naye atamwona. Chukua kimoja, ukichanganye na sauti ya mtu mwingine na historia uliyoibuni mwenyewe, na ukurasa wa kumi hautafika kabla mhusika hajaanza kufanya mambo ambayo mama mkwe wako hangeyafanya kamwe. Ila kama kuna siri aliyokueleza akiwa mgonjwa au akiwa na huzuni, hiyo si mali yako. Mwombe kwanza, na akikataa, iache.

SWALI: Nimerudishiwa hadithi yangu fupi kuhusu mbwa wetu, pamoja na maelezo kwamba mbwa huyo "ni mtu aliyevaa manyoya" na kwamba vifaranga vya kuku wetu vimeanguliwa upesi mno. Nirekebishe nini?
Msomaji Chipukizi

JIBU: Vifaranga kwanza, maana hilo halina mjadala. Kuku huatamia kwa siku 21, nawe umevitoa kwa juma moja. Paka hubeba mimba kwa takriban siku 63, mbuzi siku 150, na ng'ombe kiasi cha siku 280. Mwandishi anayeishi na wanyama amepewa kalenda ya bure: ikiwa ugomvi wa ndugu wawili ulianza siku kuku alipokalia mayai, msomaji atajua majuma matatu yamepita bila wewe kuandika "majuma matatu yalipita".

Mbwa wako, kwa upande wake, anafikiri kama wakili. Anatafakari, anahitimisha, hata anajuta. Mbwa halisi hutuzidi mahali pengine: sisi husikia sauti zisizozidi herzi (mitetemo kwa sekunde) 20,000 hivi, naye hufika hadi 45,000, mbali na pua yake. Basi mwonyeshe akiinua sikio moja wakati mazungumzo mezani yakiendelea, kisha akiinuka, akienda mlangoni na kusimama pale kimya, huku baba akiendelea kueleza kwa nini mgeni hatakuja. Ketini naye nusu saa jioni moja, daftari mkononi, uandike tu anayoyatenda. Kisha nitumie tena ukurasa ule wa mlangoni, ukiwa umeliondoa neno "alifikiri" kila mahali linapomhusu mbwa.